Kazi ya Misuli ya Tumbo Isiyoonekana kwenye Kioo

Kati ya mbavu za chini na mifupa ya nyonga, mifupa pekee iliyopo ni pingili 5 za kiuno zilizopangana upande wa nyuma. Mbele na ubavuni hakuna mfupa wowote, na kazi ya kuvishika viungo vya ndani na kuutegemeza uti wa mgongo imeachiwa misuli. Hata hivyo, mtu akitajiwa misuli ya tumbo, mara nyingi humjia akilini ile siksipaki ya wanamichezo, ambayo kwa macho ya mtaalamu wa tiba ya viungo ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe.

Siksipaki ni msuli wa wima, ambao huwa jozi, mmoja kulia na mwingine kushoto. Huanzia kwenye mfupa wa kinena na kupanda hadi kwenye gegedu za ubavu wa 5, wa 6 na wa 7 pamoja na ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Umekatizwa na mikanda ya kano, kwa kawaida 3 kila upande, na hiyo ndiyo inayoufanya uonekane kama vipande vipande. Idadi na mpangilio wa mikanda hiyo mtu huzaliwa nayo, kwa hiyo hakuna zoezi litakalokiongeza kipande ambacho hakikuwepo. Wala kukunja tumbo mara nyingi hakuyeyushi mafuta yaliyoufunika msuli huo, kwa sababu mwili haupunguzi mafuta kwa kuangalia ni msuli gani uliofanyishwa kazi.

Ubavuni kuna matabaka 3. La nje lina nyuzi zinazoshuka mshazari kuelekea mbele, kama vidole vya mtu aliyetia mkono kwenye mfuko wa mbele wa suruali. La kati lina nyuzi zinazokatiza zile za nje, na matabaka haya mawili hushirikiana kwa kupishana pande: ukigeuza kiwiliwili kulia, msuli wa nje wa kushoto huvuta pamoja na wa kati wa kulia. Tabaka la ndani kabisa ni msuli wa mlalo, ambao nyuzi zake hulizunguka tumbo kutoka kwenye utando mgumu wa kiuno hadi mbele, ambako matabaka yote hukutana kwenye mshono wa kano unaopita katikati ya tumbo na kukizunguka kitovu.

Msuli huu wa mlalo haukunji mgongo wala kuugeuza kwa kiasi cha kutajika. Unapokaza, hulibana tumbo, na hapo ndipo shughuli kubwa inapoanza. Juu yake kuna dayaframu, yaani kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Nyuma kuna misuli midogo inayounganisha pingili na pingili. Misuli hii yote ikikaza kwa pamoja, shinikizo ndani ya tumbo hupanda na kiwiliwili hupata ugumu, kama tairi ambayo mpira wake ni laini lakini hubeba gari zima ikishajazwa upepo. Shinikizo hilohilo ndilo linalotumika tunapokohoa, kupiga chafya, kutapika, kwenda haja kubwa na kusukuma mtoto wakati wa kujifungua.

Mwaka 1996 watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walionyesha kwamba mtu mwenye afya anapoinua mkono kwa haraka, msuli wa mlalo hukaza kabla ya msuli wa bega unaouinua mkono huo, ilhali kwa watu wenye maumivu ya kiuno hukaza kwa kuchelewa. Ugunduzi huo ulikuwa muhimu, lakini nadhani ulitafsiriwa kupita kiasi: watu wengi wakaanza kuambiwa wavute tumbo ndani kutwa nzima. Msuli unaohitajika kukaza na kulegea kwa wakati wake haufaidiki kwa kukazwa bila kupumzika, na kwa maumivu sugu ya kiuno mazoezi ya aina nyingine nayo husaidia.

Ukitaka kuuhisi msuli huo wa mlalo, lala chali na magoti yakiwa yamekunjwa, kisha weka ncha za vidole sentimita 2 au 3 upande wa ndani wa mfupa wa nyonga unaojitokeza mbele. Kohoa kidogo, na utasikia ukuta wa tumbo ukikaza chini ya vidole. Sasa toa pumzi taratibu huku ukiivuta sehemu ya chini ya kitovu ndani bila kuusogeza mgongo: mkazo utakuja polepole, bila kuvisukuma vidole nje.

Kwa mazoezi, ni vyema kuchagua yanayoufundisha mwili kuzuia mgongo usipinde, kwa mfano kujiinua sambamba na sakafu kwa viwiko na vidole vya miguu, huku ukiendelea kupumua. Kubana pumzi wakati wa kukaza hupandisha shinikizo la damu, jambo ambalo wenye tatizo hilo wanapaswa kuliepuka.

Wakati wa ujauzito mshono wa katikati hutanuka na misuli ya wima huachana. Hali hiyo ni ya kawaida, na kwa wengi nafasi hiyo hupungua baada ya kujifungua. Ikibaki pana, au tumbo likichomoza katikati mama anapoinua kichwa akiwa amelala, amwone mtaalamu wa tiba ya viungo. Uvimbe unaotokea kinenani au kitovuni wakati wa kukohoa unaweza kuwa ngiri, ambayo huhitaji kuchunguzwa na daktari. Uvimbe huo ukianza kuuma ghafla, ukakataa kurudi ndani, au ukaambatana na kutapika, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda sehemu ya utumbo imebanwa na kukosa damu.