Gari la spoti la zamani: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Anayetaka kununua gari la spoti lenye miaka 20 au 30 huambiwa aiogope injini: imekimbizwa sana, imechoka, itakufia njiani. Mara nyingi injini ndiyo inayovumilia kuliko vyote. Vinavyosumbua ni vitu vinavyozeeka hata gari likiwa limeegeshwa: mpira, plastiki, viunganishi vya umeme, mafuta ya breki, maji ya rejeta. Habari njema ni kwamba hivyo ndivyo mtu mwenye multimita (kipimo cha umeme), spana za kutosha na kitabu cha ufundi cha modeli yake anaweza kuvishughulikia mwenyewe. Habari mbaya ni ushauri anaopewa kabla hajafungua boneti.

"Lina kilomita chache, kwa hiyo halina shida"

Kilomita hupima mwendo, hazipimi umri. Gari lililolala gereji miaka mingi lina mipira ya kupitishia maji iliyokakamaa, sili zilizokauka na petroli iliyoharibika ndani ya tangi. Tairi zake huenda bado zina kashata nene na zinapendeza macho, lakini mpira umekuwa mgumu na hauishiki barabara, hasa ikinyesha. Usiangalie kashata peke yake. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi. Ukikuta 2309, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ukikuta tarakimu tatu tu, ni ya kabla ya mwaka 2000, na hiyo haina mjadala.

Kwa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari la wazi lililoanza kuuzwa mwaka 1989, kuna jambo jingine ambalo odomita haiwezi kukwambia. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye paa la turubai hushuka kwa mifereji iliyo nyuma ya viti na kutokea chini ya gari, karibu na tairi za nyuma. Mifereji ikizibwa na majani na vumbi, maji hubaki ndani ya bodi, na kutu huanza kula kizingiti cha chini ya mlango kutokea ndani kuja nje. Rangi ikianza kutoa malengelenge mbele ya tairi ya nyuma, ujue bati la ndani limeshaoza. Kuzibua mifereji hiyo ni kazi ya dakika chache. Kukata bati na kuchomelea jipya ni habari nyingine kabisa.

"Kompyuta imeshasema, badilisha sensa"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kodi ya hitilafu, yaani alama ambayo kompyuta ya gari huhifadhi, hueleza kompyuta imeona nini. Haisemi ni kipuri gani kimekufa. Chukua P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inavyostahili. Watu wengi wakiiona hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ilhali sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa, na pengine inafanya kazi yake barabara. Kwenye gari la zamani mtuhumiwa wa kwanza ni mpira wa vakyumu (kijibomba cha mvuto wa hewa wa injini) uliopasuka au gasketi ya manifoldi (kizibo cha njia ya hewa kuingia kwenye injini) inayovuta hewa. Baada ya hapo fuata sensa ya kupimia hewa iliyochafuka, pampu ya petroli iliyochoka, au tundu kwenye bomba la ekzosi kabla ya sensa.

Kagua mipira yote kwa kuikunja kwa vidole. Ule unaoonekana mzima huwa na mpasuko upande wa chini, pale unapobana kwenye bomba, na mpasuko huo haufunguki mpaka uuvute kidogo. Wapo wanaotafuta uvujaji kwa kupuliza kisafishia kabureta juu ya injini inayonguruma na kusikiliza kama mlio utabadilika. Njia hiyo inafanya kazi, lakini dawa hiyo hushika moto, na ekzosi iko jirani. Moshi wa mashine ya kupimia uvujaji ni salama zaidi na hukuonyesha mahali penyewe.

Na msidhani kila gari linakubali kifaa cha kusomea kodi cha kisasa. Marekani ilianza kudai mfumo wa OBD-II, yaani tundu na kodi za hitilafu za aina moja, kwa magari ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Yaliyotangulia yana lugha yao. Kwenye MX-5 ya mwanzo unaunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TEN na GND ndani ya kiboksi kidogo cha dayagnosi chini ya boneti, kisha unahesabu jinsi taa ya onyo ya injini inavyowaka na kuzima. Haihitaji kifaa cha kusomea kodi, na inatosha.

"Toa terminali ya betri injini ikiwaka, isipozima, alteneta ni nzima"

Huu ni mtego wa hatari, na bado unarithishwa kutoka fundi hadi fundi. Kwenye magari ya kabureta yasiyo na kompyuta ulikuwa unapita bila madhara makubwa. Kwenye gari lenye kompyuta, betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, yaani jenereta inayochaji betri. Ukiichomoa ghafla wakati alteneta inachaji, volti hupaa kwa kufumba na kufumbua hadi makumi kadhaa, na kinachoungua kinaweza kuwa kompyuta ya injini, diodi za alteneta yenyewe au redio. Kompyuta ya gari lililoacha kutengenezwa miongo miwili iliyopita hupatikana kwa kubahatisha.

Multimita inamaliza ubishi huu bila kufungua nati hata moja. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Washa injini. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Ikibaki pale pale kwenye 12 na ushee, haichaji, au waya wake umekatika, au mkanda unateleza.

Sasa tuseme betri ni mpya, alteneta inachaji, na bado stata, mota ya kuwashia injini, inazunguka kwa unyonge. Hapo wengi hununua stata. Kwanza pima njia ya ethi, yaani ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari: ncha moja ya multimita kwenye terminali hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Kipimo kikizidi volti 0.2 au 0.3, umeme unapotelea kwenye waya wa ethi au kwenye bolti yake iliyoota kutu. Kwenye MX-5 betri iko nyuma kwenye buti, kwa hiyo umeme husafiri urefu wa gari zima kabla ya kufika kwenye stata. Kusugua bolti ya ethi kwa brashi ya waya kumefufua stata nyingi zilizokwisha kuhukumiwa.

"Gari likichemsha, toa themostati"

Themostati, vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, haipo ili kuzuia maji yasipoe. Ipo ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ibaki hapo. Magari mengi yana themostati inayofunguka kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi. Ukiitoa, kwenye barabara ya mwendo kasi injini hukaa baridi mno, kompyuta huendelea kumwaga petroli ya ziada kama vile gari limewashwa sasa hivi, na unyevu uliomo kwenye oili haupati joto la kuutoa. Zipo pia injini ambazo themostati yake, ikifunguka, huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa kwenye injini ya namna hiyo, sehemu ya maji huzunguka kwa mkato bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi ya lilivyokuwa.

Kinachochemsha gari la zamani kwa kawaida ni rejeta iliyoziba ndani, feni isiyowaka, pampu ya maji iliyochoka, hewa iliyonaswa kwenye mfumo, au mfuniko wa rejeta. Mfuniko hudharauliwa sana. Maji yakiwa chini ya mgandamizo wa takriban bar 1 juu ya ule wa kawaida hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Springi ya mfuniko ikilegea, kinga hiyo yote inaondoka. Kuhusu kujaza maji matupu ya bomba: yanapoza, ndiyo, ila hayana dawa ya kuzuia kutu, na injini hizi nyingi zina silinda hedi ya aluminiamu.

Utelezi mweupe chini ya mfuniko wa oili nao umeuza magari mengi kwa bei ya chuma chakavu. Unaweza kweli kuwa gasketi ya silinda hedi, lakini gari linaloendeshwa safari fupi fupi hutengeneza utelezi huohuo kwa unyevu wa kawaida tu. Kabla ya kufungua hedi, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kisha tumia dawa ya buluu iliyo ndani ya kichupa kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta: ikigeuka njano, gesi ya injini inaingia kwenye maji.

"Injini ya zamani inataka oili nzito"

Inataka oili iliyoandikwa kwenye kitabu chake. BMW iliagiza oili ya daraja la 10W-60 (namba ya mwisho ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi ikiwa moto) kwa M3 ya kizazi cha E46. Honda ikaagiza 10W-30 kwa S2000, injini inayozunguka hadi 9,000 kwa dakika. Ni magari ya zama moja yenye mahitaji tofauti kabisa. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na kuitumia ili kuficha mlio ni kuahirisha tatizo. Kwa RX-7 na RX-8 za Mazda, oili kupungua si ugonjwa: injini ya rota, isiyo na pistoni, hujidungia oili kidogo ili kulainisha sili za rota. Ugonjwa ni mwenye gari kutochomoa kijiti cha oili.

"Mkanda wa taimingi hubadilishwa ukianza kulia"

Mkanda huu, unaooanisha valvu na pistoni, hauna desturi ya kulia. Hukatika tu. Kwenye injini ya lita 1.6 ya MX-5 ya kwanza gari litazima na utavutwa kurudi nyumbani, kwa sababu pistoni na valvu hazikutani. Kwenye Porsche 944 zinakutana, valvu zinapinda, na bado kuna mkanda wa pili wa shafti za kusawazisha ambao nao ukikatika unaweza kunasa kwenye ule mkubwa. Kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, uhesabu kuwa haujabadilishwa.

"Petroli ya okteni kubwa husafisha na kuongeza nguvu"

Okteni hupima jinsi petroli inavyostahimili kulipuka kabla ya wakati. Kama kitabu kinaitaka, itumie; kama hakiitaki, huongezi kitu.

"Breki zikitetemesha usukani, diski zimepinda"

Mara nyingi diski haijapinda. Unene wake umekuwa haulingani, au pedi zimeacha utando usio sawa, au kutu imejikusanya kati ya diski na habu (kitovu cha gurudumu). Safisha uso wa habu kabla ya kufunga diski mpya, la sivyo mtetemo utarudi.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahaulika. Hunyonya unyevu wa hewa: mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishalowa kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu hapo ndipo pedali inapozama. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na usichanganye DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na DOT 4 wala DOT 5.1.

"Jeki inatosha, naingia dakika moja tu"

Haitoshi. Jeki ya mafuta hushikiliwa na sili za mpira, na kwenye gari la zamani hata sehemu ya kupigia jeki inaweza kuwa imeoza. Weka stendi mbili kwenye chuma kizima juu ya sakafu ngumu, zuia tairi zilizobaki chini, kisha lisukume gari kwa mikono miwili kwa nguvu ukiwa umesimama kando. Likicheza, lishushe na upange upya.