Seli shina za ngozi, au kwa nini kovu halioti nywele

Nina kovu la uji kwenye mkono wa kushoto. Sufuria ilipinduka nikiwa darasa la kwanza, uji ukanimwagikia kuanzia kiwikoni hadi karibu na kiganja. Leo ukilitazama vizuri utaona ni makovu mawili. Upande wa kiganja ngozi imerudi: ina rangi yake, ina malaika, jua likiwaka inatoa jasho. Upande wa kiwiko kimebaki kipande laini kinachong'aa kama nailoni, hakina hata unywele mmoja, na mkono wote ukilowa jasho chenyewe kikavu.

Uji ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba nilikuwa nimekunja mikono ya sweta hadi kiwikoni, na pale kwenye mikunjo uji ulinasa ukaendelea kuunguza mpaka nilipovuliwa. Moto ulizama zaidi. Na kilichoteketea huko chini ndicho wataalamu wanachokiita seli shina.

Jina hilo atalielewa haraka mwenye shamba la migomba. Ukiukata mgomba baada ya kuvuna mkungu, hujaumaliza. Tunguu lililo ardhini litatoa chipukizi jingine. Chimba ulitoe tunguu lenyewe, hapo habari imekwisha. Seli shina ni tunguu la mwili. Ni seli isiyo na kazi maalumu bado, inayoweza kugawanyika kwa miaka na miaka, na katika watoto wake wengine hubaki kuwa akiba kama mama yao, wengine huenda kushika kazi. Usizichanganye na zile za kiinitete, yaani mimba changa kabisa, zinazoweza kuwa kiungo chochote. Za ngozi zina mipaka yake, hutazikuta zikigeuka kuwa ini au mfupa.

Ngozi ya juu, sehemu nyingi za mwili, ina unene kama wa karatasi. Safu yake ya chini kabisa ndiyo inayozaa. Seli changa husukumwa kwenda juu, njiani zinajaa keratini, ile protini ya kucha na nywele, zikifika juu zimeshakufa na zinapukutika. Safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Zile taka zinazobingirika ukijisugua na dodoki, nyingi ni maiti za seli hizo.

Mwaka 1975 watafiti Howard Green na James Rheinwald, wakiwa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, walifanikiwa kuzikuza seli za ngozi ya binadamu kwenye sahani za maabara zikawa zinazaa na kuzaa. Mwaka 1983, huko Boston, watoto wawili wa familia moja walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili walifunikwa sehemu kubwa kwa ngozi iliyokuzwa kwa njia hiyo kutoka kwenye vipande vyao wenyewe. Walipona. Ngozi ile iliziba na ikalinda, lakini haikuota nywele wala kutoa jasho, sawa na kipande changu cha kiwikoni.

Hapo ndipo unapoanza kukiheshimu kinyweleo. Watu hukiona kama kitundu tu, kumbe ni kifuko kirefu kinachozama hadi ngozi ya ndani. Ukishikwa na baridi au ukishtuka, malaika husimama. Msuli unaoyasimamisha umejishikiza kwenye uvimbe mdogo ubavuni mwa kifuko hicho. Mwaka 1990 George Cotsarelis, Tung-Tien Sun na Robert Lavker walichapisha utafiti kuhusu uvimbe huo. Waliziwekea seli za panya alama inayopungua kila seli inapogawanyika, kisha wakasubiri. Zilizobaki na alama ni zile zisizogawanyika ovyo, yaani akiba, na zilikutwa pale kwenye uvimbe. Kabla ya hapo wengi waliamini akiba iko kule chini kabisa, kwenye kile kitunguu cheupe unachokiona ukinyofoa unywele. Mama anayetinda nyusi kwa kibanio anaujua ukweli huu bila maabara: kitunguu anakitoa, na baada ya muda unywele umerudi.

Akiba hiyo haishughulikii nywele peke yake. Ukianguka ukachubuka goti, ngozi ya juu inaweza kuondoka yote, lakini vinyweleo vilivyozama vimebaki, na seli zake hupanda na kutambaa kufunika kidonda. Kitazame kidonda kipana cha mchubuko baada ya siku kadhaa: mbali na ukingo, katikati kabisa, kuna vijisiwa vya waridi. Kila kijisiwa kimetokea kwenye kifuko kimoja, na mwisho vinaungana. Madaktari wanaopandikiza ngozi wanaitegemea hali hii. Wanakwangua utando mwembamba pajani, na paja linajifunika lenyewe kwa wiki mbili hivi. Viganja na nyayo hazina nywele na bado zinapona; huko wanaofanya kazi ni seli za safu ya chini na zile za mifereji ya jasho.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna ushahidi mwingine, wa rangi. Seli zinazotengeneza rangi nazo zina seli shina zake humo humo kwenye kinyweleo. Mkono wangu ulipopona mwanzo ulikuwa waridi, kisha vikatokea vidoa vyeusi, kila kimoja kimezunguka unywele wake, vikapanuka mpaka vikashikana. Mwenye mbalanga anayepata nafuu kwa matibabu mara nyingi huona vidoa hivyo hivyo. Pasipo na nywele, kama kwenye ncha za vidole, rangi hurudi kwa shida. Na kama hata nywele za kwenye baka zimeshakuwa nyeupe, dalili si nzuri, maana yake akiba yenyewe imeguswa. (Ualbino ni jambo jingine kabisa: seli za rangi zipo, ila haziwezi kutengeneza melanini, yaani rangi yenyewe, ya kutosha.)

Ukishajua akiba iko wapi, kunyonyoka kwa nywele nako hakukutishi kwa kiwango kimoja. Unywele wa kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 6, ukapumzika kwa miezi michache, ukaanguka, kisha kifuko kikaanza upya. Mama aliyejifungua, au mtu aliyeugua homa kali, anaweza kuona nywele zikitoka kwa mafungu miezi mitatu baadaye. Zimeingia mapumzikoni kwa pamoja tu. Zitarudi. Upara wa wanaume una mkasa wake: utafiti wa mwaka 2011 ulikuta seli shina bado zipo kwenye kipara, ila haziendelei hadi hatua inayofuata, na vifuko vimesinyaa. Ninachokiogopa mimi ni misuko ya kukaza. Msichana anayesukwa mpaka macho yanavutika, wiki baada ya wiki, hupoteza nywele za pembeni mwa paji. Akiacha mapema zinaota. Akiendelea kwa miaka, kifuko kinageuka kovu, tunguu limeng'oka, na hakuna mafuta ya kupaka yatakayolirudisha.

Hata zile krimu zinazonadiwa kuwa na seli shina za tofaa au za zabibu haziwezi. Seli ya tofaa haikai hai ndani ya kopo, haipenyi ukuta wa keratini, na ingepenya isingekuwa na la kufanya ndani ya mtu. Krimu hiyo ikikulainisha ngozi, shukuru mafuta yaliyomo.

Seli zenyewe, tena, si nyingi kama unavyodhani. Mwaka 2015, katika mji wa Bochum nchini Ujerumani, mtoto wa miaka 7 mwenye ugonjwa wa kurithi wa kutoka malengelenge alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi. Timu ya Michele De Luca wa Modena, Italia, ilichukua kipande cha ngozi chenye ukubwa kama wa stempu ya posta, ikazipachikia seli zake jeni nzima ya kufidia ile yenye hitilafu, ikakuza ngozi ya kufunika asilimia 80 ya mwili wake. Matokeo yalichapishwa 2017. Jeni ile iliyopachikwa ilikuwa kama chapa ya ng'ombe, kwa hiyo waliweza kufuatilia ukoo wa kila seli. Miezi ilipopita, waligundua kwamba ngozi yote ilikuwa inalishwa na kikundi kidogo tu cha seli shina zinazodumu. Zile nyingine nyingi walizopandikiza zilifanya kazi kwa muda, zikapukutika.

Panya wana bahati. Mwaka 2007 Mayumi Ito na wenzake walionyesha kwamba panya mzima akipata kidonda kikubwa, katikati ya kovu huota vinyweleo vipya kabisa. Mkono wangu haujapata habari hizo. Tezi za mafuta ya ngozi nazo huning'inia kwenye kinyweleo, kwa hiyo kipande cha kiwikoni kilipoteza na mafuta yake. Kila nikitoka kuoga nakipaka ya nazi.