Achana na machweo ya Dunga, tafuta mwembe

Wazazi wengi wanaonipigia simu hapa Kisumu hutaka mtoto apigwe picha Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, jua likizama. Kwa maharusi, sawa. Kwa mtoto wa miaka minne mimi hushauri vingine: saa kumi alasiri, chini ya mwembe.

Tunaishi jirani na ikweta, na huku jua halitui kwa mshazari kama Ulaya, linashuka wima. Ule mwanga wa dhahabu wa mwisho wa siku, ambao video za wenzetu wa ng'ambo husifu mno, hapa hudumu dakika 25 hivi, basi. Saa hiyo mtoto ana njaa, ana usingizi, na mbu wameshaanza kazi. Isitoshe, giza likiingia viboko hutoka majini kwenda malishoni. Simketishi mtoto wa mtu kando ya mafunjo kwa ajili ya picha.

Mchana nao haufai. Jua la Kisumu hufika utosini karibu saa saba kasoro dakika ishirini, likatia vivuli vyeusi machoni na chini ya pua.

Chini ya mwembe sitafuti katikati ya kivuli, natafuta ukingo wake. Mtoto asimame ndani, hatua moja kutoka jua linapoanzia, akitazama nje kwenye uwazi. Anga ndiyo itakayommulika usoni, na ukimkaribia utaona kidirisha cheupe ndani ya kila mboni. Kisipokuwepo macho huonekana hayana uhai. Mgeuze polepole mpaka kitokee. Kagua pia vitone vya jua vinavyopenya majanini, maana kimoja tu kikitua kwenye paji la uso, picha imeharibika. Kisha tazama chini. Udongo mwekundu hurudisha mwanga wa joto kidevuni, nao huipendeza sana ngozi yetu. Nyasi hurudisha ukijani (msitu wa Kakamega ndio balaa lenyewe), kwa hiyo hapo hutandika shuka jeupe mbele ya miguu yake.

Kamera ikiachwa ijiamulie hupima wastani wa fremu. Nyuma kukiwa na ziwa linalong'aa, uso mweusi huzama gizani. Naongeza mwanga kwa stopu 1 hivi, yaani maradufu. Nyuma kukiwa na kichaka kizito, uso hupauka, napunguza. Na kuipausha ngozi kwenye kompyuta eti ionekane safi, hilo sifanyi hata nikilipwa zaidi.

Natumia lenzi ya milimita 85, tundu lake la mwanga likiwa f/2.8, fokasi kwenye jicho lililo karibu nami, kasi ya shata isiyopungua 1/500 ya sekunde. Nami nimepiga magoti, kamera ilingane na macho yake.

"Simama vizuri! Cheka basi, baba!" Mama anapaza sauti nyuma yangu, na mtoto anabana mikono mapajani kama askari gwarideni, meno yote nje. Namwomba mama akapumzike kidogo, kisha nampa kijana kazi: afuate msafara wa sisimizi kwenye gome, aniambie wanaelekea wapi. Akiinua uso kuniletea habari, ndipo ninapobonyeza.

Kuhusu kuzipandisha mtandaoni, sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi. Huiomba kwa maandishi kabla sijafungua mkoba wa kamera. Mzazi akisita, picha anabaki nazo yeye.