Kuandika stori za gemu: watu wanavyodhani na kazi yenyewe ilivyo

Mwaka wa sita huu naandika stori na maongezi ya gemu, nipo Dar, kazi nyingi napewa na studio ndogondogo za nje kwa njia ya mtandao. Kila nikisema nafanya kazi gani, iwe kwenye kikao cha familia au kwenye daladala, nakutana na yaleyale. Nayaandika hapa kwa sababu kuna wadogo zangu wengi wananitumia meseji wanataka kuingia huku, na wanaingia wakiwa wameamini vitu vitakavyowaumiza mbele ya safari.

"Kwaiyo we unalipwa kucheza gemu"

Hii ni ya mjomba wangu na ya nusu ya Watanzania. Hapana mjomba. Siku yangu ni Excel. Kolamu ya kwanza namba ya mstari, ya pili nani anaongea, ya tatu anasema nini, ya nne yuko kwenye hali gani, kakasirika, anakimbia, kajeruhiwa, ya tano idadi ya herufi, maana kile kiboksi cha maneno kwenye skrini ya simu kinabeba labda herufi 90 na ukizidisha sentensi inakatika katikati. Gemu lenyewe nalicheza pale ninapokagua kazi, na kulicheza kwenyewe ni kupita mlango mmoja mara thelathini nisikilize kama mlinzi anasema alichotakiwa kusema.

Na sehemu kubwa ya ninachoandika siyo hotuba za shujaa. Ni vile visentensi vya njiani, adui anaposhtuka kusikia nyayo, askari anapoishiwa risasi, muuza duka unapoingia na kutoka bila kununua. "Nani yuko hapo?" unaiandika kwa namna kumi na tano, maana mchezaji akiisikia ileile mara ya nne anaacha kuamini kwamba yule ni mtu. Watu wanavidharau lakini angalia gemu la Skyrim la 2011, mstari ulioganda midomoni mwa watu dunia nzima siyo wa joka wala wa mfalme, ni wa mlinzi tu wa mjini anayekwambia na yeye zamani alikuwa mzururaji kama wewe mpaka alipopigwa mshale wa goti. Mtu mmoja alikaa akaandika hiyo kama sehemu ya orodha ndefu ya mistari ya walinzi.

"Mwandishi anatunga hadithi, wengine wanaitengeneza"

Hapa ndo vijana wengi wanavunjika moyo, kwaiyo nitakaa kidogo. Wanakuja na kurasa 200 za hadithi ya ufalme wanataka kuiuza kwa studio, na studio karibu zote hazinunui hadithi hivo. Mara nyingi gemu limeshaanza kujengwa, mtu anaruka, anapiga, ramani tatu zimekamilika, ndo mwandishi anaitwa. Marc Laidlaw alikuwa tayari mwandishi wa riwaya alipojiunga na studio ya Valve mwaka 1997, akakuta gemu lao la Half-Life liko jikoni, na mwaka huohuo wakaona halijafika wanapotaka wakalifumua na kulijenga upya, likatoka Novemba 1998. Kilichofanya watu walikumbuke ni kwamba stori iko ndani ya korido na maabara zenyewe, mchezaji hanyang'anywi usukani eti akae kwanza atazame sinema. Hiyo huwezi kuifanya ukiwa umejifungia chumbani na daftari lako, unaifanya ukiwa umekaa na mtu anayejenga zile korido.

Mimi niliwahi kumwandika mama mmoja muuza uji kwenye kijiji cha kwenye gemu, nilimpenda sana yule mama, alikuwa na mistari kama mia moja hivi na kisa cha mwanae aliyeenda mgodini hakurudi. Wiki mbili kabla ya kurekodi sauti, kijiji kizima kikaondolewa kwa sababu simu za bei ndogo zilikuwa zinakwama kila ukiingia pale. Hakuna aliyekosea, simu hazikuweza tu. Nilichookoa ni jina la mwanae, nikaliweka kwenye barua ambayo mchezaji anaiokota ramani nyingine, mgodini, mistari minne. Ukiniuliza sasa hivi kazi ya mwandishi wa gemu ni nini nitakwambia ni ile barua ya mistari minne.

"Aliyeweza riwaya gemu litamshinda vipi"

Kwenye riwaya msomaji anakufuata. Kwenye gemu wewe ndo unamfuata yeye, na hujui anaenda wapi.

Chukua hesabu ndogo. Mpe mchezaji machaguo matatu, na kila chaguo lilete mengine matatu, ukifika hatua ya tano una njia 243 za kuandika na kila moja inataka maongezi, sauti, picha. Hakuna studio yenye hela hiyo. Kwaiyo tunaacha njia ziachane kidogo alafu zikutane tena, na gemu linatunza kumbukumbu, huyu alimwokoa mtoto, huyu alimpita. Sasa zikikutana pale mbele inabidi uandike tukio ambalo ni kweli kwa wote wawili, na aliyemwokoa ahisi kabisa kwamba dunia imeona alichofanya. Gemu la Disco Elysium la 2019 lina maneno zaidi ya milioni moja na hakuna mtu anayeyaona yote kwa kucheza mara moja, yani unaandika ukijua kabisa sehemu kubwa ya wasomaji wako hawatofika kwenye hiyo kurasa.

Alafu kuna kifo. Shujaa wa riwaya akifa amekufa, wa gemu anakufa mara hamsini kwa jioni moja na bado unatakiwa umfanye mtu aamini kwamba kufa ni kitu kizito. Mwandishi Greg Kasavin na wenzake wa studio ya Supergiant walipotoa gemu la Hades mwaka 2020 walilitatua vizuri mno, kila ukifa unarudishwa nyumbani kwa baba yako kuzimu na wenyeji wa pale wana jambo jipya la kukwambia, hata kukusema ulivyouawa na nani. Ili hilo liwezekane wakaandika zaidi ya mistari elfu 20 yenye sauti. Mwaka 2021 wakapewa tuzo ya Hugo, tuzo ambayo tulizoea kuisikia kwenye vitabu. Na ukitaka kujua Kasavin alitokea wapi, alikuwa mwandishi wa habari za magemu kabla ya kuanza kuyatengeneza.

"Kazi ya kukaa, ya starehe, kwanza uko nyumbani"

Oktoba 2018, siku chache kabla gemu la Red Dead Redemption 2 halijatoka, Dan Houser wa studio ya Rockstar alisema kwenye mahojiano kwamba kuna wiki walifanya kazi masaa 100. Watu wakaja juu, akafafanua kwamba anawazungumzia waandishi wakuu wanne tu, yeye akiwemo, na ilikuwa wiki tatu. Gawa 100 kwa siku saba, ni masaa 14 na kitu kila siku pamoja na Jumapili. Mimi sioni kama ule ufafanuzi ulipunguza chochote, maana wale wanne ndo waandishi wenyewe.

Na ajira haina dhamana. Agosti 2023 BioWare, studio iliyojengwa kwa sifa ya stori zake, ilipunguza watu wapatao 50 wakiwemo waandishi waliokaa pale miaka mingi sana. Kwa sisi tunaofanya vibarua kutoka mbali kuna la ziada, mkataba wa kutunza siri. Gemu likifutwa kazi yako ya mwaka mzima huwezi kumwonyesha mtu hata sentensi moja. Mimi sasa hivi kabla sijajadili hela najadili mambo mawili, jina langu litatokea kwenye orodha ya majina mwishoni mwa gemu au halitatokea, na kipande gani naruhusiwa kukionyesha kwa mteja mwingine hata gemu lisipotoka. Nimejifunza hilo baada ya kufanya gemu zima alafu siku limetoka nasubiri majina yapite, yanapita, langu halipo. Iliniuma mpaka leo.

"AI imeshamaliza hiyo kazi"

Haijamaliza. Kampuni ya magemu ya Ubisoft walitangaza Machi 2023 chombo chao kinaitwa Ghostwriter, kinatoa rasimu za kwanza za vile visentensi vya njiani, alafu mwandishi anachagua na kurekebisha. Waigizaji wa sauti wa Marekani wao waligoma kuanzia Julai 2024, karibu mwaka mzima, na kubwa walilokuwa wanadai ni ulinzi dhidi ya AI. Kwaiyo hofu ipo na ni ya haki. Ninachokiona mimi ni kwamba vile visentensi vidogo ndo mlango ambao waandishi wachanga wanaingilia, vikipewa mashine, sijui wataingilia wapi.

"Lazima uwe umesoma kompyuta"

Sio lazima. Kuna programu ya Twine, ipo tangu 2009, ya bure, unaandika kwenye vijisanduku na kuviunganisha, hata laptop chakavu inatosha. Nyingine ni Ink ya studio ya inkle kule Cambridge, ileile iliyotumika kwenye gemu lao la 80 Days, iliwekwa wazi kwa kila mtu mwaka 2016. Fanya kagemu ka dakika kumi kenye miisho mitatu. Hicho ndo cheti chako, zile kurasa 200 ziache kwanza.

"Kiswahili kwenye gemu ni kutafsiri tu"

Nenda kamwambie hivo mtu aliyewahi kuifanya. Kwa Kiingereza studio inaandika sentensi moja, umeokota kitu fulani, kimevunjika, na kompyuta inachomeka jina la kitu chochote pale. Kwa Kiswahili upanga umevunjika, kisu kimevunjika, jambia limevunjika, ngao imevunjika. Sentensi moja ya kwao kwetu ni nne. Ilibidi niombe kolamu mpya kwenye jedwali, ngeli ya kila kitu kilichomo kwenye gemu, ili programu ijue iweke u-, ki-, li- au i-, na mprogramu akauliza mara tatu kama niko siriazi. Upande mwingine sisi tuna raha ambayo wao hawana, "yeye" wetu ni mwanamke na mwanaume, mchezaji achague mhusika yeyote, sentensi haibadiliki.

Pia tumewahi kutumika kama kelele tu. Gemu la Resident Evil 5 la 2009 liliweka eneo la kubuni la Afrika, na maadui wenye vimelea mule wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili huku wanakuja na mapanga. Kiswahili mule kipo cha kumtisha mtu asiyekijua. Ndo maana gemu la Tales of Kenzera: ZAU lilipotoka Aprili 2024 nilikaa nalo usiku kucha. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alilitunga kutokana na kumpoteza baba yake, kijana anaingia makubaliano na mungu wa kifo ili amrudishe baba, na unaweza kulicheza lote kwa sauti za Kiswahili. Kusikia maombolezo kwa lugha ambayo nimefiwa nayo, kwenye gemu, sikuwahi kabla ya hapo.

Ninalofanyia kazi mwaka huu lina kijiji, na skripti ya mwanzo ilikuwa na salamu moja kwa watu wote. Nikawauliza mhusika wetu ana miaka mingapi. Walikuwa hawajawahi kujiuliza. Tukakubaliana 16, binti, kwaiyo kila mtu mzima anayekutana naye ni shikamoo, na kila mmoja ana marahaba yake, ya kuchoka, ya furaha, ya kuvuta ili aulizwe habari za nyumbani, nimeandika marahaba ishirini na mbili. Mwishoni kabisa anafika kwa yule mzee aliyeuza shamba la mama yake. Anasimama mlangoni, anamwangalia, anasema "Habari yako." Basi, ndo mstari wote. Tulipowapa watu wa Sinza wajaribu, dada mmoja aliweka chini kidhibiti akashika mdomo. Wa kule nje wao walipita tu wakaendelea kutafuta ufunguo, kwaiyo kwenye Kiingereza nimempa amwite yule mzee kwa jina lake tupu, bila "babu" aliyomwita gemu zima.