Kaunti ya Finney, Kansas: maji ya chini, ng'ombe, na watu waliofuata ng'ombe

Ukimwambia mtu "kijijini Marekani" anawaza wazee wa kizungu, trekta na kanisa moja, basi. Na kweli sehemu nyingi za Kansas ziko hivyohivyo, vijana wakimaliza shule wanahama na hawarudi. Ila kule kona ya kusini magharibi kuna kaunti inaitwa Finney, makao yake makuu Garden City, ambayo haifanani na hayo kabisa, na sisi tunaofundisha jiografia ya watu tunaipenda sana darasani maana unaona wazi jinsi kilichoko chini ya ardhi kinavyoamua nani aishi juu yake.

Kwanza ujue kaunti ni nini kwao. Ni ngazi iliyo chini ya jimbo, ina sherifu wake, mahakama, barabara, kodi ya ardhi, na Kansas peke yake inazo 105. Finney ina kama kilomita za mraba 3,370, sensa ya 2020 ilihesabu watu 38,470, na kati yao 28,151 wako Garden City mjini. Ukitoa na mji mdogo wa Holcomb pale jirani, kwingine ni shamba mpaka macho yachoke, ardhi tambarare, mti wenyewe wa kutafuta. Kwenye ramani utaona kipande kimechomoza kaskazini mashariki, nacho kina kisa chake: hiyo ilikuwa kaunti nyingine, Garfield, iliyoanzishwa miaka ya 1880, vijiji viwili Ravanna na Eminence vikagombania kuwa makao makuu mpaka kortini, mwisho eneo likapimwa upya ikaonekana halifiki maili za mraba 432 zinazotakiwa kisheria, kaunti ikafutwa 1893 na kuunganishwa na Finney. Vijiji vyote viwili vikafa. Walichogombania sijui kilimsaidia nani.

Sasa maji. Mvua huku ni kama milimita 480 kwa mwaka, yaani kidogo, na huo mto Arkansas uliochorwa buluu kwenye ramani ukienda kuutazama miezi mingi ni mchanga mtupu, maana maji yake mengi yanaishia juu huko Colorado na kwenye mifereji ya mashamba. Miaka ya 1930 ukame na upepo vilipeperusha udongo wa eneo hili mpaka mchana ukawa giza. Kilichokuja kubadilisha mambo ni Ogallala, tabaka la mchanga na kokoto lililojaa maji chini ya ardhi, linaanzia South Dakota linashuka mpaka Texas. Baada ya vita ya pili ya dunia wakulima wakachimba visima virefu, wakafunga pampu, nyingi zikiendeshwa na gesi asilia ya hukohuko, halafu likaja bomba refu la kumwagilia linalotembea kwa matairi. Linafungwa katikati ya shamba na kuzunguka taratibu kama mshale wa saa, kwa hiyo shamba la mraba la mita 800 kwa 800 linatoka duara la kijani na pembe zake nne zinabaki kavu. Ukipita na ndege, au ukiangalia picha za satelaiti, Finney ni maduara matupu.

Maji yakaleta mahindi na mtama, nafaka ikaleta mazizi makubwa ya kunenepesha ng'ombe, maelfu kwa maelfu sehemu moja, na ng'ombe wakaleta kiwanda. Mwishoni mwa 1980 kampuni ya nyama ya IBP ilifungua machinjio karibu na Holcomb, wakati ule yakitajwa kuwa makubwa kuliko yote duniani kwa nyama ya ng'ombe, leo ni ya kampuni nyingine ya nyama, Tyson, wafanyakazi kama 3,800 na ng'ombe kama 6,000 kwa siku. Kiwanda cha pili kikafuata Garden City miaka michache baadaye. Watu wa kufanya kazi hiyo hawakuwepo pale, kaunti ilikuwa na watu 23,825 tu mwaka 1980, kufika 1990 ni 33,070.

Kazi yenyewe ni ngumu jamani. Unasimama kwenye baridi, glavu ya nyuzi za chuma mkono mmoja, kisu mkono wa pili, nyama inapita mbele yako kwenye mkanda na wewe unakata kipande kilekile shifti nzima, vidole vinakufa ganzi, bega linauma. Lakini hawakudai Kiingereza kizuri wala cheti, na mshahara ulizidi wa kazi nyingine zisizo na vyeti, kwa hiyo ndiyo mlango wa kwanza kwa wageni. Wamexico walikuwepo tangu zamani, walijenga reli na kulima viazisukari vya kiwanda cha sukari kilichofunguliwa 1906, wakaongezeka sana, leo watu wa asili ya Amerika ya Kilatini ni kama nusu ya kaunti. Miaka ya 80 wakaja wakimbizi wa Vietnam, baadaye Waburma, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Wasomali, wengine waliohamia baada ya machinjio ya Emporia, Kansas hiyohiyo, kusimamisha uchinjaji 2008. Wakafungua maduka ya nyama halali, na fleti moja ikageuzwa msikiti.

Hizo fleti walikokaa Wasomali ndizo wanaume watatu wa kundi la wanamgambo walipanga kuzilipua Novemba 2016, siku moja baada ya uchaguzi wa rais. FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu, iliwakamata Oktoba kabla hawajafanya lolote, na Januari 2019 wakafungwa miaka kati ya 25 na 30.

Ukisoma takwimu za huko kuwa makini. Sensa ina kundi la Weusi, Msomali anaingizwa humo pamoja na Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake uko pale vizazi na vizazi, na Mburma anaingia kwenye Waasia. Anayetaka kujua nani ni nani aangalie ule utafiti wa kila mwaka wa idara ya sensa unaouliza asili na lugha ya nyumbani.

Idadi nayo imepanda ikashuka. Mwaka 2000 walikuwa 40,523, siku ya Krismasi mwaka uleule kile kiwanda cha pili kikaungua, hakikujengwa tena, na sensa ya 2010 ikakuta 36,776. Cha Tyson nacho kikaungua Agosti 2019 ila hicho kilirudi kazini Desemba. Moto ukizimika unaweza kujenga upya. Ogallala ni habari nyingine, sehemu nyingi za eneo hili mvua hairudishi hata inchi moja ya maji kwa mwaka na pampu zinavuta zaidi ya hapo sana, kuna visima ambavyo maji yameshuka zaidi ya futi 100. Wapo wakulima wameshaacha mahindi wakarudi kwenye mtama au kilimo cha kutegemea mvua. Mahindi unaweza kuagiza kwa treni kutoka Nebraska, lakini maji ya kunywesha hao ng'ombe wote na ya kuoshea machinjio lazima yatoke palepale.