Je, wajua kwa nini mteja mkubwa anaweza kuidhoofisha karakana ya kijijini yenye faida?

Kampuni inayotaka kuinua kijiji kwa kawaida hufikiria kutoa: kukarabati zahanati, kununua madawati, kuchimba kisima. Ikienda mbali zaidi huanza kununua bidhaa za watu wa hapo, na wengi wetu huona kazi imekwisha. Mteja mkubwa kapatikana, bei ni nzuri, kila oda ina faida. Biashara itakua tu. Hesabu hiyo ina kosa, nalo liko kwenye tarehe ya malipo.

Tuchukue karakana ya ushonaji yenye mtaji wa 100, iwe kwa sarafu yoyote. Vitambaa, uzi na vifungo vinakula 70. Ujira, umeme na nauli 30. Baada ya siku 10 sare zimekamilika, na kampuni inazichukua kwa 115. Faida ni 15 kwa kila oda, na hakuna atakayeiita hiyo hasara.

Ila mkataba unasema malipo ni ndani ya siku 90. Mzunguko mzima, tangu kitambaa kinunuliwe mpaka fedha irudi, ni siku 100. Mwaka mzima unaingiza mizunguko mitatu kamili, yaani faida ya 45. Kampuni ileile ikilipa ndani ya siku 5, mzunguko unakuwa siku 15, mwaka unaingiza mizunguko 24, na faida inafika 360. Mafundi ni walewale, na bei haijaguswa.

Jibu la kawaida ni: “Lakini fedha si itakuja tu?” Itakuja, ndiyo. Fikiria mtu mwenye ndoo moja na kisima kilichojaa. Maji anayopata kwa siku yanategemea ndoo inarudi kisimani mara ngapi. Akimpelekea jirani maji, na ndoo ikabaki kule mpaka jioni, hajaibiwa kitu. Ndoo itarudi nzima. Safari alizokosa kutwa nzima ndizo hazirudi. Mtaji uliolala kwenye ankara ni ndoo iliyobaki kwa jirani. Ndiyo maana msaada wa cherehani mpya mara nyingi hausogezi kitu: ni kumchimbia kisima cha pili mtu ambaye ndoo yake haipo. Cherehani haileti kitambaa.

Karakana inaweza kukopa ili isisimame. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, mkopo wa 100 kwa miezi mitatu unagharimu 9, na faida ya 15 inabaki 6. Hapo karakana inalipa riba kwa sababu yenyewe imeikopesha kampuni kubwa, tena bila riba.

Huduma za kijiji nazo zinafuata mzunguko huohuo, kwa kuwa msafirishaji, duka na mama wa chakula wanaishi kwa fedha inayopita mikononi mwa mafundi. Hapa tahadhari inahitajika. Kati ya ile 115, kitambaa cha 70 huenda kinatoka mjini na fedha yake inarudi mjini. Kinachoweza kubaki kijijini hakizidi 45. Na mizunguko 24 inawezekana tu kama kampuni inahitaji sare nyingi kiasi hicho.

Umoja wa Ulaya uliweka mwongozo wa kisheria mwaka 2011: malipo kati ya biashara yasizidi siku 60, na anayechelewa atozwe riba ya angalau pointi 8 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Ulaya. Lakini pande mbili zinaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, mradi usiwe wa kumkandamiza vibaya mdai. Muuzaji mdogo mwenye mteja mmoja atakubali karibu chochote.

Kwa hiyo kampuni yenye nia ianze na dawati lake la malipo, kwa sababu siku nyingi hupotea humo. Ankara inarudishwa kwa kukosa namba ya hati ya agizo, na hakuna anayempigia muuzaji simu. Mzigo umefika, lakini mkaguzi yuko safarini na hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kutia saini. Malipo yanafanywa mara mbili kwa mwezi, hivyo aliyechelewa siku moja anasubiri karibu wiki mbili. Dawa yake ni kazi ya ofisini: namba ya hati itolewe siku ya kuagiza, mzigo ukaguliwe ukishushwa, siku za malipo zianze kuhesabiwa kwenye tarehe ya kupokea mzigo, na wauzaji wadogo walipwe kila wiki. Oda kubwa igawanywe mafungu, kila fungu lilipwe peke yake. Malipo ya awali yalingane na bei ya malighafi. Katika mfano wetu hiyo ni 70 kati ya 115, kama asilimia 61. Asilimia 20 iliyozoeleka ni 23 tu, haitoshi kununua hata nusu ya malighafi hiyo.

Kuna hatari moja ambayo malipo ya haraka huiongeza. Karakana inayolipwa vizuri huacha wateja wengine, na oda zikikatika ghafla inafungwa. Mkataba uweke notisi isiyopungua mzunguko mmoja kamili, na kampuni ikinunue kwa bei ya oda kitambaa kilichokwisha kukatwa kwa rangi zake, maana sare yenye nembo haina mnunuzi mwingine.