Msitu ni wako hata ukiwa na chama: dhana potofu kuhusu wenye misitu binafsi kuungana

Ukitaka kuharibu mkutano wa wenye misitu, ufungue kwa hotuba ndefu kuhusu vizazi vijavyo. Watu watasikiliza kwa adabu, watapiga makofi, kisha wataondoka bila kujiandikisha. Waulize badala yake ni nani aliyewahi kuuza miti bila kujua lori liliondoka na mita ngapi za ujazo, na mikono itanyooshwa. Vyama vya wenye misitu huishi kwa mambo makavu: barabara, vipimo, mikataba, moto. Utunzaji endelevu nao huingia kwa mlango huohuo. Wanaosahau hilo, wawe wahamasishaji au wenye misitu wenyewe, ndio wanaoeneza dhana zifuatazo.

"Nikijiunga, msitu si wangu tena"

Hofu hii huwafukuza watu wengi kuliko nyingine yoyote, na haifai kuchekwa. Ardhi ni urithi, na wako watu waliowahi kupoteza ardhi kwa kutia saini karatasi wasizozielewa.

Ukweli ni kwamba vyama hivi haviko vya aina moja. Vipo vya ushauri na uwakilishi, ambavyo humpa mwanachama mtaalamu wa misitu, mpango wa usimamizi na mtu wa kumsemea serikalini. Nchini Finland, ambako karibu asilimia 60 ya misitu ni mali ya watu binafsi na familia, vyama vya namna hii humfanyia mwenye msitu kazi anayoiagiza, kuanzia kupanda miche hadi kusimamia mauzo. Vipo pia vya ushirika wa kuuza na kusindika. Södra, ya kusini mwa Sweden, ilianzishwa 1938 na ina wanachama wapatao 50,000. Ushirika huo unamiliki viwanda vya mbao na vya rojo ya kutengenezea karatasi, lakini msitu wa kila mwanachama umebaki kwa jina lake. Ni yeye anayeamua auze mwaka huu au asubiri.

Hata hivyo ipo namna moja ambayo umiliki hubadilika kweli. Finland hiyohiyo ina misitu ya pamoja inayotambuliwa na sheria, ambapo wenye vipande huviunganisha na kila mmoja kubaki na hisa. Hapo huwezi tena kusema mti huu ni wangu. Una sehemu yako ya mapato na kura yako mkutanoni. Kwa warithi kumi wa shamba moja huo unaweza kuwa mpango mzuri kuliko kuligawa vipande kumi, ila ni uamuzi tofauti kabisa na kujiunga na chama, na hauchukuliwi kwa haraka.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, tafuta vifungu vitatu kwenye katiba: nani ana neno la mwisho kuhusu kuvuna, unatokaje ukitaka kutoka, na deni la chama linaweza kukufuata hadi wapi. Chama kisichotaka uvisome, usijiunge nacho.

"Msitu unaotunzwa ni ule usioguswa"

Tazama Japani. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ilihitaji mbao za kujengea upya, na milima ikapandwa miti ya sugi na hinoki kwa wingi mno. Leo mashamba hayo ya miti yanakaribia hekta milioni 10, kama asilimia 40 ya misitu yote ya nchi. Kisha mbao za kutoka nje zikaingia kwa wingi, bei ikashuka, vijana wakahamia mijini, na wenye misitu wengi wakaacha kupunguzia miti yao, yaani kukata baadhi ili inayobaki ipate nafasi.

Kilichofuata hakikuwa pori la asili lililojirudia. Miti iliyopandwa kwa kubanana ilifunga mwanga, mimea ya chini ikafa, na udongo ukabaki wazi kwa mvua. Shina linalogombania mwanga huwa refu na jembamba, na dhoruba huliangusha kwa urahisi. Tatizo lilikua mpaka serikali ikaingilia: sheria iliyoanza kutumika 2019 inaziruhusu manispaa kupokea haki ya kusimamia msitu kutoka kwa mwenyewe asiyeweza kuusimamia, na tangu 2024 walipa kodi wanatozwa yeni 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya kazi za misitu. Baadhi ya wenye misitu hawajui hata mipaka ya walichorithi.

Shamba la miti ni kazi iliyoanzishwa na binadamu, na humdai binadamu aimalize. Msitu wa asili wenye miti ya kila umri ni habari nyingine. Huo hauhitaji msumeno ili uishi. Mpango mzuri wa usimamizi hutaja pia mahali ambapo hakuna mtu atakayekata: kingo za mito, miteremko mikali, miti mikongwe yenye mashimo wanamozalia ndege, magogo yanayooza na kulisha wadudu na kuvu. Ukiona mpango ambao kila ukurasa wake unazungumzia kuvuna tu, mshauri huyo anakufanyia kazi ya mnunuzi.

"Kipande changu ni kidogo mno, hakibadilishi kitu"

Moto haujui mpaka, wala mdudu. Ureno imelipia somo hilo kwa gharama kubwa. Sehemu kubwa sana ya misitu yake si ya serikali, na kaskazini na katikati ya nchi vipande vingi havifiki hata hekta moja. Mwaka 2003 moto uliteketeza zaidi ya hekta 400,000. Miaka miwili baadaye sheria ilianzisha maeneo ya pamoja, ambamo majirani huweka misitu yao chini ya mpango mmoja na msimamizi mmoja huku kila mtu akibaki na chake. Hata hivyo, mwaka 2017 moto uliua zaidi ya watu 100. Sheria peke yake haifyeki vichaka. Lazima pawe na mtu, fedha na ratiba. Barabara ya kinga moto inayokatika kwenye kipande cha mmoja aliyekataa au asiyejulikana alipo huwa na tundu, na moto hupitia hapohapo.

Kwa Sweden alikuwa mdudu. Januari 2005 dhoruba waliyoiita Gudrun iliangusha miti inayokadiriwa kufikia mita za ujazo milioni 75, nyingi ikiwa ya sprusi, mti wa jamii ya misonobari, na sehemu kubwa katika misitu ya watu binafsi. Sprusi iliyoanguka ni karamu ya mbawakawa wa magome, ambao wakishaongezeka huhamia kwenye miti iliyosimama. Kila mtu alihitaji mashine na lori kwa wakati mmoja. Mwenye hekta tano anayepiga simu peke yake wakati kama huo hukaa mwisho wa foleni, na miti yake inageuka kitalu cha wadudu wa kushambulia misitu ya majirani.

"Faida ya chama ni bei ya juu"

Wakati mwingine, ndiyo. Ila bei kwa mita ya ujazo hupangwa na soko, na mbao za nchi jirani hazijali kwamba mmeungana. Isitoshe, katika nchi nyingi washindani kukubaliana bei kunaweza kuvunja sheria za ushindani, ndiyo maana ushirika wa kuuza huundwa kisheria na si kwa maelewano ya mdomo.

Faida ya uhakika iko kwenye gharama na vipimo. Mashine ya kuvunia husafirishwa mara moja kwa mashamba sita badala ya mara sita. Barabara moja huhudumia wote. Magogo hupimwa kipenyo na urefu mbele ya muuzaji, yakatengwa kwa daraja, ili gogo la mbao nzuri lisiuzwe kwa bei ya kuni.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye risiti: kusubiri. Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako vyama vya wapanda miti vilienea kupitia programu ya Panda Miti Kibiashara iliyoanza 2014 kwa msaada wa Finland, kuvuna misonobari ikiwa bado michanga ni tatizo linalojulikana. Mwenye shamba huuza kwa sababu ana shida ya fedha leo, wala si kwamba hajui mti utanenepa. Semina haiwezi kumsaidia mtu huyo. Akiba na mikopo ya wanachama inaweza.

"Cheti cha usimamizi endelevu ni cha makampuni makubwa"

PEFC, mmoja wa mifumo miwili mikubwa ya kuthibitisha kwa cheti kwamba msitu unatunzwa vizuri, ulianzishwa Ulaya 1999 na wenye misitu wadogo wenyewe, waliohofia kuachwa nje ya soko. FSC, mfumo wa pili, uliotangulia 1993, nao una taratibu nyepesi kwa misitu midogo. Mifumo yote miwili hutoa cheti cha kikundi: chama hushika cheti, hukagua wanachama wake, na mkaguzi wa nje hutembelea baadhi yao tu kama sampuli. Gharama hugawanywa, lawama pia. Wanachama wachache wakivunja masharti, cheti cha wote kinaweza kusimamishwa. Wala cheti hakiahidi bei bora. Mara nyingi kazi yake ni kukufungulia mlango wa mnunuzi ambaye bila hicho hasikilizi.

"Wenye misitu wanawaza pesa tu"

Marekani ina mamilioni ya familia zinazomiliki misitu, na katika uchunguzi wa kitaifa unaofanywa na Huduma ya Misitu ya nchi hiyo, uzuri wa mahali, wanyamapori na kuwaachia warithi hutajwa mbele ya mbao. Nilianza kwa kusifu mambo makavu, na sibadili kauli: mtu anayependa ndege bado anahitaji barabara na ushauri. Ila ukimkaribisha kwa bei za magogo pekee, hatakuja.

"Tukipata mfadhili, chama kitasimama"

Kitasimama kwa muda wa mradi. Fedha za wafadhili huanzisha vitalu, hulipa mafunzo na posho, na hesabu ya wanachama hupanda haraka. Zikikatika, ndipo inapojulikana nani alikuwa mwanachama na nani mgeni wa semina. Hata Finland, ambako kwa miongo mingi wenye misitu walilazimika kisheria kulipa ada ya usimamizi wa misitu, ada hiyo ilipofutwa 2015 vyama vililazimika kuwashawishi watu walipe kwa hiari.

Kwa chama kipya kipimo ni kimoja: ipo huduma ambayo mwanachama yuko tayari kuilipia kwa fedha yake leo, mradi ukiwa bado upo? Upimaji wa miti kabla ya kuuza ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa unahitaji mtu aliyefundishwa, tepu ya kipenyo na daftari, na mwenye msitu huiona faida yake siku hiyohiyo mnunuzi anapofika.